Kukawia, Kuchelewa na Mwenye Kuchelewesha

Mhariri, swali lenu la juma hili lauliza kama maneno kuchelewa, kukawia na kuahirisha yana maana moja, na kama msemaji anaweza kulitumia lolote kati yake popote apendapo. Jibu langu ni kwamba hayana maana moja, na kwamba anayeyachanganya, hasa akiwa mtu wa ofisi anayewaandikia wananchi, huwanyima wasomaji wake habari wanayoihitaji kuliko zote, yaani ni nani aliyewaweka wakingoja.

Kuchelewa ni neno lenye mpaka. Asili yake ni kucha, kule kupambazuka tunakokusikia katika kumekucha na usiku kucha, na ile w iliyo karibu na mwisho wake ni w ya kutendwa, kama ilivyo katika kuitwa na kupigwa. Aliyechelewa, kwa maana ya awali, ni yule aliyefikiwa na mapambazuko kabla hajalitimiza jambo lililopaswa kutimizwa kabla ya mwanga. Lina na ndugu yake, kuchwelewa, ambalo siku hizi halisikiki sana na ambalo natamani lirudi midomoni mwetu: hilo ni la mtu aliyefikiwa na machweo, msafiri ambaye jua limemchwea akiwa bado njiani. Maneno haya mawili yalisimama kwenye ncha mbili za siku, moja alfajiri na jingine magharibi, na yote mawili yalidai kuwepo kwa saa inayojulikana ambayo ikipita imepita. Ndiyo maana hadi leo mtu huchelewa kazini, huchelewa mtihani, huchelewa swala ya jamaa, lakini hawezi kuchelewa jambo lisilo na wakati wake.

Kukawia hakudai saa yoyote. Kunadai tu muda mrefu na mtu anayeungoja. Mbaazi hukawia kuiva, wala hakuna mpishi wa Mji wa Kale hapa Mombasa atakayekuambia kwamba mbaazi zake zimechelewa, isipokuwa kama wageni wameshaketi mkekani na saa ya chakula imepita. Kimvita chenyewe, lahaja yetu ya Mombasa, kina umbo fupi zaidi, kukawa, na mtu aliyetumwa dukani akarudi baada ya muda huulizwa, “Mbona umekawa?” Katika swali hilo hamna shtaka la kuvunja ahadi, kwa sababu hakuna aliyempangia dakika za kwenda na kurudi, anaulizwa tu kilichomshika huko. Wazee wana pia kulimatia, ambako ndani yake mna hali ya kukaa mahali kwa muda kuliko ilivyotarajiwa, na wana usiri, yaani kukawia wala si kuficha siri, ambalo katika barua za zamani lilikuja zaidi katika maneno “bila usiri”.

Anayetaka kuuona mpaka huu kwa macho yake na aende kivuko cha Likoni asubuhi ya siku ya kazi. Abiria waliosimama wakingoja lango lifunguliwe hawana tikiti yenye saa mkononi, wala hawaitazami ratiba, wanaitazama feri iliyo ng’ambo ya pili, na isipojongea watasema, “Feri imekawia leo.” Yule yule aliyesema hivyo, akifika mlango wa ofisi upande wa kisiwani saa mbili na nusu badala ya saa mbili, atasema, “Nimechelewa, feri ilikawia.” Sentensi moja, maneno mawili, na hakuna hata moja linaloweza kuchukua nafasi ya mwenziwe bila maana kupungua. Ukienda stesheni ya Miritini mambo yanageuka, kwa kuwa treni ya Nairobi ina saa iliyoandikwa kwenye tikiti, na ikipitisha saa hiyo imechelewa, hata kama ni kwa dakika chache. Matatu nayo, inayoondoka ikijaa, hukawia kujaa.

Methali zetu zinaulinda mpaka huu kuliko tunavyoulinda sisi. “Kawia ufike” ni maneno ya kumwombea heri msafiri, na hayawezi kugeuzwa yakawa “chelewa ufike”, maana aliyechelewa amekwisha kukosa kitu, ilhali aliyekawia bado ana kila kitu mbele yake. Upande wa pili wahenga walisema, “Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako,” na hapo wasingeweza kutumia kukawia, kwa sababu yapo mambo ambayo wakati wake ukishapita hayarudi.

Najua watu wengi, hata hapa Mombasa, hutumia kuchelewa kwa yote mawili, na sina nia ya kumrekebisha mtu anayezungumza barazani. Lakini kuna mahali ambapo tofauti hii hugusa moyo wa mtu. Mama ambaye mtoto wake hajaanza kusema akiambiwa na bibi yake, “Mtoto huyu amekawia kusema,” anasikia kwamba maneno yatakuja, yamechukua tu muda. Akiambiwa, “Mtoto huyu amechelewa,” anasikia kwamba upo mstari ambao wenziwe wameuvuka na wake hakuuvuka. Huenda muuguzi ana sababu ya kulisema hilo la pili, kwa kuwa kazi yake ni kupima ukuaji kwa miezi, na mama anastahili kuambiwa ukweli mapema. Hata hivyo mwenye kuyajua maneno yote mawili anaweza kuchagua lini aseme lipi.

Isidhaniwe kwamba kila muda unaorefushwa ni kosa. Katika mwezi wa Ramadhani, masheikh wetu hufundisha kwamba ni sunna kuharakisha kufuturu na kuchelewesha daku, na hakuna anayeisikia kuchelewesha hapo kuwa lawama. Anayekula daku karibu na alfajiri ameichelewesha kwa kujua anachokifanya, lakini akipitwa na alfajiri yenyewe, hapo ndipo amechelewa kwa maana kamili na ya asili ya neno.

Mfano wa daku unanifikisha kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kati ya kuchelewa na kuchelewesha mna herufi chache tu, lakini ndani ya herufi hizo ndimo alimo mtendaji. Kwa kuwa kuchelewa tangu asili ni kutendwa na mapambazuko, kitu kikisemwa kimechelewa hakuna mwanadamu anayetajwa. Nimesimama mbele ya dirisha la ofisi moja ya umma hapa mjini, nikauliza kuhusu stakabadhi niliyoahidiwa kuipata mwezi uliotangulia, nikajibiwa, “Imechelewa, mzee wangu, njoo kesho.” Heshima ilikuwepo na sauti ilikuwa ya upole. Lakini stakabadhi haichelewi kwa nafsi yake: yupo aliyepaswa kuitia sahihi na hakuitia, au yupo aliyepaswa kuipeleka ghorofa ya pili na hakuipeleka. Lugha ilikuwa na neno tayari kwa ajili ya hali hiyo, imecheleweshwa, na baada ya neno hilo msikilizaji angekuwa na haki ya kuuliza, “Na nani?” Wananchi wenyewe wamelipata neno lao, wanasema wanazungushwa, nalo lina ukweli zaidi ya lile la dirishani, kwa sababu aliyezungushwa ana mzungushaji.

Matangazo ya kuandikwa yana hila kubwa zaidi, nayo ni kugeuza kitenzi kuwa nomino. “Tunaomba radhi kwa ucheleweshaji uliotokea” ni sentensi iliyoenea mno, na naiona kuwa mbovu kwa sababu ucheleweshaji hautokei kama mvua; ni tendo, nalo lina mtenda. Aandikaye “tumechelewesha maji ya mtaa wenu kwa sababu tunatengeneza bomba” ametumia maneno ya kawaida, ameomba radhi kwa kweli, na amemheshimu msomaji.

Kuahirisha ni neno la mwenye mamlaka. Halisemi kwamba wakati umempita mtu. Linasema kwamba mtu ameuhamisha wakati, naye alikuwa na uwezo wa kuuhamisha. Hakimu huahirisha kesi, mwenyekiti huahirisha kikao, lakini mshtakiwa aliyeshindwa kufika mahakamani hakuahirisha chochote. Kifungu cha 159 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinazitaka mahakama zitoe haki bila kuichelewesha, na mtu aliyepangiwa tarehe baada ya tarehe anajua kwamba kesi iliyoahirishwa kihalali mara nyingi inaweza kuwa ni haki iliyocheleweshwa.

Niongeze onyo dogo kuhusu kuchelea, kwa kuwa naliona likiandikwa vibaya kila mara. Kuchelea ni kuogopa jambo lisije likatokea, kama katika methali “Mchelea mwana kulia hulia yeye”, na linatokana na kucha nyingine kabisa, ile ya hofu. Aandikaye “sitachelewa kusema ukweli” anaahidi kuusema mapema. Aliyekusudia kwamba haogopi kuusema ilimpasa aandike “sitachelea”.

Mwisho ni usemi ambao swali lenu halikuutaja lakini hutumiwa badala ya kuahirisha, nao ni kusogeza mbele. Mkutano wa Jumatano ukisogezwa mbele, wapo wanaoelewa kwamba utakuwa Ijumaa, na wapo wanaoelewa kwamba umeletwa karibu, utakuwa Jumatatu, na wote wana sababu. Kwa tangazo la msikiti, la shule au la chama, ningeshauri usemi huo uachwe na iandikwe tu kwamba mkutano umeahirishwa hadi Ijumaa, saa kumi alasiri, na aliyeuahirisha atajwe.