Maswali ya Wasomaji: Treni ya mbali isimame pembezoni mwa jiji?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu reli ya SGR na vituo vya pembeni ya miji. Tumezijibu pamoja kwa sababu zinaegemeana.

SWALI: Nakaa Chanika. Treni ya haraka ya Dodoma inapita Pugu bila kusimama, nami lazima niende hadi stesheni kuu katikati ya Dar es Salaam, halafu nirudi nilikotoka nikiwa ndani ya treni. Kusimama dakika mbili tu kunawapunguzia nini?

JIBU: Dakika mbili ni za milango kuwa wazi. Gharama halisi ni kubwa zaidi, na unaweza kuipiga hesabu mwenyewe. Badili kasi iwe mita kwa sekunde, kisha igawe kwa mara mbili ya kiwango cha kufunga breki. Kilomita 160 kwa saa ni mita 44 kwa sekunde. Tuchukulie breki ya kawaida, isiyomwagia abiria chai, inapunguza mita 0.5 kwa sekunde kila sekunde: hapo zinapotea sekunde 44. Kuondoka ni polepole zaidi. Kwa wastani wa 0.35 zinapotea sekunde 63. Jumlisha na zile dakika mbili, unapata sekunde 227, yaani karibu dakika nne. Dereva anaanza kufunga breki kilomita mbili kabla ya kituo, na anairudia kasi yake kilomita karibu tatu baada ya kukiacha.

Habari njema kwako ni kwamba Pugu iko kama kilomita 20 tu kutoka stesheni kuu. Treni ikiwa inapita hapo kwa kilomita 100 na si 160, hasara inashuka hadi dakika tatu na ushei. Ndiyo maana kituo cha pembeni ya jiji huumiza ratiba kidogo kuliko kituo kilekile kikiwekwa katikati ya mbuga.

Sehemu inayoweza kuokolewa ni ile ya milango. Abiria 60 wenye mizigo, kila mmoja akichukua sekunde tatu, wakipitia mlango mmoja wanamaliza dakika tatu nzima. Wakigawanywa kwenye milango minane, hawafiki nusu dakika. Kinachotakiwa ni namba za mabehewa zilizopakwa rangi sakafuni jukwaani, tiketi kukaguliwa kabla ya treni kuingia, na wahudumu kufungua milango yote. Rangi ya sakafu ni rahisi kuliko dakika mbili za treni, ingawa kwenye mikutano ya bajeti huwa haitajwi.

SWALI: Kijiji chetu kiko kando ya reli kati ya stesheni za Pugu na Soga. Tukiomba kituo kidogo, jukwaa tu na kibanda, kinahitaji nini?

JIBU: Jukwaa ndilo jepesi. Kwa treni ya mabehewa manane yenye urefu wa mita 25 kila moja, unahitaji mita 200, na nyongeza ya mita 10 hadi 20 kwa sababu dereva hasimami palepale kila siku. Kazi iko kwenye kuchagua mahali, na hapo maombi mengi ndipo yanapokwama.

Cha kwanza ni kona. Kwenye kona reli ya nje huinuliwa ili treni ipite kwa kasi, kwa hiyo treni iliyosimama inalala upande mmoja. Behewa ni mstari mnyoofu na jukwaa limepinda, basi pengo la mguu linabaki ama katikati ya behewa ama kwenye ncha zake. Tafuteni kipande kilichonyooka. Mteremko nao upimwe: mahali ambapo mabehewa yatakatwa au kuachwa, kanuni za Ulaya kwa reli mpya haziruhusu zaidi ya milimita 2.5 kwa kila mita.

Cha pili kinasahauliwa na watu wengi: umeme. Reli hii inatumia volti 25,000, na waya wa juu unalishwa kwa vipande. Panapokutana vipande viwili vinavyolishwa tofauti huwekwa sehemu fupi isiyo na umeme, na treni huipita kwa mwendo wake tu. Mkiweka jukwaa karibu na sehemu hiyo, treni itaondoka ikiwa bado na kasi ndogo, iingie pasipo na umeme na kukwama humo. Kuhamisha sehemu hiyo si kazi ya siku moja.

Cha tatu, reli ni ya njia moja, na treni zinapishana kwenye njia maalumu za kupishania. Chukulia kipande kati ya sehemu mbili za kupishana kinachomalizwa kwa dakika 12. Mkiweka kituo katikati yake, kinakuwa cha dakika 16, na treni inayotoka upande wa pili inasubiri hizo nne za ziada, hata kama yenyewe haisimami kwenu. Kwa hiyo kituo kiwe kwenye sehemu ya kupishana iliyopo tayari, jukwaa likae kati ya njia mbili ili lihudumie zote. Treni inayosimama itumie njia kuu inapowezekana; kuipeleka njia ya pembeni ni kuipunguza kasi zaidi kwenye pointi, pale reli zinapogawanyika.

Mwisho ni mfumo wa ishara. Taarifa za kituo kipya lazima ziingizwe kwenye mfumo unaolinda kasi ya treni na kufanyiwa majaribio kabla ya abiria wa kwanza. Kama eneo lenu halina sehemu ya kupishana, kwa maoni yetu ombeni basi la uhakika hadi Pugu au Soga. Mtalipata mapema.

SWALI: Treni ikisimama Ukonga au Pugu si itajaa watu wa mjini, wa Dodoma wakose viti?

JIBU: Itajaa, ikiachwa wazi. Dawa yake ni ya zamani: treni inayotoka mjini ipakie tu pembezoni, na inayorudi ishushe tu. Uingereza hufanya hivyo Watford Junction, takriban kilomita 28 kutoka London Euston, kwa treni nyingi za mbali. Marekani, baadhi ya treni za masafa marefu za Amtrak, shirika la treni za abiria la huko, hazibebi abiria anayesafiri kati ya New York na Washington tu. Mfumo wa tiketi ndio unaokataa kuuza kipande hicho, hakuna haja ya kugombana mlangoni. Japani kituo cha Shinagawa, kilomita 6.8 tu kutoka Tokyo, kilifunguliwa Oktoba 2003 baadhi ya treni zikikipita. Tangu Machi 2008 zote za Shinkansen ya Tokaido zinasimama.

Abiria wa kila siku wa mjini wanataka treni yao, kama ile ya jijini Dar es Salaam iitwayo ya Mwakyembe, iliyoanza Oktoba 2012 kwenye reli ya zamani.

SWALI: Huku Nairobi kituo chenyewe kiko Syokimau. Tufanyeje?

JIBU: Kwenu tatizo limepinduliwa: treni inaishia pembezoni, na kinachohitajika ni kiungo cha kuingia mjini. Treni ya kuunganisha ya reli ya zamani ipo. Angalia inaondoka dakika ngapi baada ya Madaraka, treni ya SGR ya kutoka Mombasa, kufika. Chini ya dakika 15 mwenye mizigo ataikosa, na ikizidi 40 atapanda matatu. Anayeishi upande wa Athi River achukue treni ya kaunti, ile ya SGR inayosimama vituo vya njiani; inasimama huko.

SWALI: Treni haiwezi kusimama porini tu, tushuke?

JIBU: Hapana. Bila jukwaa ni karibu mita moja hadi kokoto, na hapo hatujamtaja mama mwenye mtoto.