Kabla ya kulalamika, jua sare ilikuwa ya nani

Mhariri, mmeuliza wananchi wafanye nini wanajeshi wanapotuhumiwa kutesa raia. Kwetu Mtwara swali hili ni zito. Mei 2013 wanajeshi waliingia mitaani wakati wa ghasia za kupinga bomba la gesi, na ng'ambo ya mto Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji, kuna vita tangu 2017.

Kupiga kelele kunasaidia. Operesheni Tokomeza, msako wa majangili wa Oktoba 2013, ilisitishwa baada ya wabunge kubeba malalamiko ya wapigakura wao. Kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ikachunguza, na tarehe 20 Desemba mawaziri 4 wakapoteza nyadhifa. Lakini waziri akiondoka, aliyevunjwa mguu bado hajalipwa. Na operesheni ile ilichanganya JWTZ (jeshi la Tanzania), polisi na askari wa wanyamapori. Mwathirika akisema tu "wanajeshi", malalamiko yake yatazungushwa ofisi hadi ofisi. FFU, yaani polisi wa kutuliza ghasia, nao huitwa wanajeshi vijijini! Kwa hiyo siku hiyohiyo andikeni rangi ya sare, kofia, namba ya gari (magari ya JWTZ yana herufi JW), saa na kitongoji. Kila shahidi aandike peke yake, maana maelezo yanayofanana neno kwa neno huonekana ya kupangwa.

Jeraha la hatari litibiwe kwanza, ndugu afuate PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari huijaza) polisi na kuchukua namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikishwa kituoni. PF3 nyingi huharibikia kwenye neno moja, "amepigwa". Mwombeni daktari aandike jeraha liko upande gani, lina sentimita ngapi na lina umri gani. Toeni nakala kabla fomu haijarudi polisi. Pigeni picha mbili mchana: moja ionyeshe mtu na uso wake, nyingine jeraha kwa karibu likiwa na rula kando. Rudieni baada ya siku 2 au 3, kwa kuwa michubuko hubadilika rangi.

Video isifutwe kwenye simu iliyorekodi. WhatsApp huibana na kuondoa taarifa za tarehe na mahali. Itumeni kama dokumenti, au ihamisheni kwa waya. Septemba 2020 ilisambaa video ya mwanamke aliyeuawa kwa risasi Awasse, Msumbiji. Serikali ya huko ilidai waasi huvaa sare za jeshi. Amnesty International walilinganisha sare, silaha, lugha na barabara yenyewe, wakasema wauaji ni wanajeshi. Mama yule alikuwa uchi. Tafadhali, video ya mwili wa namna hiyo isizungushwe kwenye magrupu, apewe mchunguzi. Tena, kusambaza habari ya uongo ukijua ni ya uongo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na faini haipungui shilingi milioni 5.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye ofisi Lindi, hupokea malalamiko ya mdomo au ya barua, bure. Haigusi shauri lililoko mahakamani, basi nendeni huko mapema.

Fidia ndiyo inayopotea zaidi. Kuishtaki Serikali kunahitaji notisi ya siku 90 kwa wizara husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hapo sare ndiyo inayoamua: JWTZ ni Ulinzi, polisi ni Mambo ya Ndani, wanyamapori ni Maliasili. Madai ya kuumizwa yana ukomo wa miaka 3 tangu tukio, na ahadi za kikao cha kijiji hazisimamishi hesabu hiyo.

Msomaji, Mtwara