Kusoma tenzi za kale mwaka mzima bila kukata tamaa

Utenzi wa kale haumshindi mtu kwa ugumu wake. Humshinda kwa sababu anausoma kama riwaya, kimyakimya, kurasa ishirini kwa mkao mmoja.

Anza na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, wasia wa mama kwa bintiye. Una beti 102. Soma beti 10 kila wiki, utaumaliza kwa wiki 11. Soma kwa sauti, ukihesabu mizani kwa vidole: kila kipande kina mizani (silabi) 8, vina vya vipande vitatu vya mwanzo vinalingana, na cha nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti.

Negema wangu binti,
mchachefu wa sanati,
upulike wasiati,
asa ukazingatia.

Wengi hukwama papo hapo: "binti" wanaitamka kwa silabi mbili, wanapata 7. Ile n ina mizani yake, bi-n-ti, sawa na m ya "mchachefu". Mizani ikipungua, rudia matamshi kabla ya kumlaumu mtunzi.

Kisha kuna lahaja. Katika Kiamu, lahaja ya Lamu, nchi ni nti, macho ni mato, njia ni ndia, moja ni moya. Zoea mabadiliko hayo na maneno mengi yatafunguka yenyewe. Yanayobaki, kama pulika (sikiliza), yapigie mstari na uyatafute baada ya kumaliza beti zote kumi, kwani kusimama kila neno kunaua mahadhi. Kamusi ya Krapf ya 1882 inasaidia sana na ipo bure mtandaoni, ila maelezo yake ni ya Kiingereza. Ukikuta matoleo mawili yanapishana tahajia, usishangae: tenzi hizi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa kawaida hazikutenganisha o na u, wala e na i.

Baada ya hapo mchukue Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, shairi moja kwa siku. Tafuta toleo lenye maelezo ya usuli, maana mengi ni majibizano na mafumbo ya siasa za Mombasa ya wakati wake. Mwisho wa wiki pumzika na nathari. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ni fupi na inafaa.

Utendi wa Tambuka, wenye hati ya mkono ya 1728, una beti zaidi ya elfu moja. Uweke mwaka wa pili, kwa beti 25 kila wiki.