Bibi kuanza kusahau si lazima iwe uzee

Dada pole, umeuliza kama bibi yako wa Kasese kusahau majina ya wajukuu ni uzee tu ama kuna mtu kamroga. Achana na mambo ya kurogwa kabisa. Kwanza angalia imeanza lini, kama ni siku chache tu zimepita mkimbizeni kliniki leo leo, maana malaria, maambukizi ya mkojo, kukosa maji mwilini au sukari kushuka vinamvuruga mzee akili haraka sana na vinatibika. Kama ni pole pole basi pimeni presha na sukari, halafu mwageni dawa zake zote mezani daktari azione, hizi za mafua zinazoleta usingizi kama Piriton mzee akizimeza kila siku anachanganyikiwa, na watu wanazinunua tu dukani bila kuuliza! Mpimeni masikio pia jamani. Wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 walitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yanaweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kusahau, kutosikia vizuri kumo, kutoona kumo, hata upweke, kwa hiyo msimwache anashinda peke yake pale nyumbani.