Maswali yenu kuhusu Hanang: mlima haufuati saa za ziwa

Tunataka kupanda Mlima Hanang, Manyara, Pasaka hii. Mvua si hunyesha usiku, mchana kunakuwa shwari? (Igoma)

Hapo ndipo watu wa kanda yetu wanapokosea. Usiku nchi kavu hupoa, Ziwa Victoria hubaki na joto. Upepo hutoka pande zote kuelekea majini, hewa yenye unyevu hukutana na kupanda, radi zinaanza. Ndiyo maana Mwanza mara nyingi huamshwa na ngurumo alfajiri, na saa 4 jua limeshatoka. Mlimani ni kinyume. Jua la asubuhi huchoma miteremko, hewa hupanda nayo, na saa 6 mchana kilele kimefunikwa. Radi hufuata alasiri, wakati aliyechelewa kuanza kwa kuona mbingu safi yuko ukingoni pasipo na mti. Ondokeni saa 11 alfajiri. Ikifika saa 6 geukeni, hata kama kilele mnakiona.

Na Pasaka msiende, masika bado yanashuka. Desemba 3, 2023 mvua kubwa zilimomonyoa sehemu ya mlima huu. Tope, mawe na magogo vikafuata bonde la mto Jorodom hadi Katesh, mji ulio chini ya mlima, watu zaidi ya 80 wakafa. Udongo ukishiba maji haushiki tena mteremko. Msipige hema korongoni hata likiwa kavu.

Mwezi gani ni mzuri? (Sengerema)

Juni hadi Oktoba. Swali hili linaletwa kila wiki, jibu halijabadilika.

Juu kuna baridi kweli? Nibebe nini? (Nyegezi)

Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kilele mita 3,420. Joto hushuka wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000, kwa hiyo tofauti ni kama nyuzi 15. Alfajiri ya nyuzi 18 hapa ni nyuzi 3 kule, upepo haujaongeza makali. Fulana ya pamba iache nyumbani: ikilowa jasho haikauki, inakunyonya joto. Beba sweta la sufu, koti lisilopitisha maji, kofia, glovu, tochi, na maji lita 4 kwa kila mtu. Wanaopanga kupika maharage huko waache; maji huchemka kwenye nyuzi 89 hivi, mtamaliza kuni bila kuiva. Chapati, viazi na karanga vinatosha.

Mdogo wangu ana selimundu, ila mwaka mzima hajaugua. Aje nasi? (Musoma)

Asije. Kileleni kila pumzi ina oksijeni kama robo tatu tu ya ile ya hapa ziwani. Oksijeni ikipungua, seli zake hujikunja na kuziba mishipa. Baridi na kukosa maji huzidisha, na mlima huleta vyote vitatu kwa pamoja. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye hajawahi kuumwa, anaweza kushikwa na maumivu makali ya bandama, kushoto chini ya mbavu. Wa aina hiyo ni wengi kanda yetu na hawajijui. Walimu mnaopeleka darasa zima mlimani bila kuuliza wazazi, mnacheza na uhai wa watoto. Wapimwe kwanza, waonane na daktari. Maumivu yakianza njiani, mshusheni saa hiyo hiyo. Msikae kungoja kidonge kifanye kazi.

Nakimbia Capri Point kila asubuhi. Inatosha? (Kirumba)

Haitoshi. Kutoka Katesh unapanda zaidi ya mita 1,500 na kuzishuka siku hiyo hiyo. Tafuta kilima cha mita 100, beba kilo 8 mgongoni, panda na kushuka mara 6, uongeze kila wiki. Mazoezi ya kushuka ndiyo watu huyaruka, na magoti hugoma wakati wa kurudi.

Tuna ramani kwenye simu. Kiongozi wa nini? (Bukoba)

Njia za ng'ombe ni nyingi huko chini, na juu ukingo una vilele vya uongo: unadhani umefika, kumbe bado. Ukungu ukishuka, simu haikuonyeshi genge. Kibali ni ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), Katesh. Hapo hapo ulizeni kiongozi mwenyeji. Basi ni la Arusha linalopita Singida, si lile la Serengeti.