Ukija Cork, sikiliza kwa sikio la Kiswahili

Wiki yangu ya kwanza ya kulea wazee hapa Cork, Ayalandi, bibi mmoja aliniambia, "I'm after my tea, girl." Nikajua anataka chai. Nikamletea kikombe na biskuti mbili. Akanitazama, akakitazama kikombe kitupu kilichokuwa nyuma ya redio, akacheka hadi meno ya bandia yakataka kumtoka. Alikuwa ametoka kunywa.

Hiyo "after" ndiyo "nimetoka kunywa" yetu. Imetoka kwenye lugha yao ya asili, Kiayalandi, ambako husemwa "tar éis", yaani baada ya. Kwa hiyo wewe unayekuja huku kikazi, sarufi ya shule iache begini kwanza. "The car broke down on me"? Gari limeniharibikia. Mume "died on her"? Amemfia. "She does be tired" ni huwa anachoka. "Ye" ni ninyi. Na "boreen" ni kijia: ule mkia wa "-een" ni "ki-" yetu, ila umekaa nyuma.

Lililonichelewesha zaidi ni kujibu. Kiayalandi hakina neno la ndiyo wala la hapana. Unajibu kwa kitenzi. Ndiyo maana ukiuliza "Did you eat?" unaambiwa "I did." Kwani kwetu ukiulizwa umekula, si unasema nimekula? Lakini mimi nilikuwa natoa "yes" kavu kutwa nzima, hadi mwenzangu wa zamu akadhani nimemnunia.

Wala usiwacheke kwa Kiingereza hicho; lugha yao hawakuiacha kwa hiari. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu kama milioni moja, na iliwavuna zaidi wasemaji wa Kiayalandi. Shuleni watoto walivishwa kijiti shingoni, kila neno la Kiayalandi likichongewa alama, kisha viboko kwa hesabu ya alama. Bibi yule aliponisimulia, sikuhitaji ufafanuzi. Nami nilibebeshwa diski, ile alama ya aibu, shuleni kule Kakamega, Kenya, kwa kusema Kiluhya.

Ila kwenye daftari la zamu, tafadhali, andika Kiingereza cha shule. Niliwahi kuandika "she is after her dinner" nikijiona mwenyeji. Mwenzangu wa usiku, Mfilipino mgeni kama mimi, akampashia bibi wa watu moto sahani ya pili.