Kabla hujamnunulia mzee saa ya presha: yangu iliipima ndizi

Mkuu, nimekuelewa hivi: mzee yuko Tabora, ana presha, na umeona saa janja ya 60,000 inayotangazwa kuwa inapima presha, sukari, oksijeni na mapigo ya moyo. Unataka kujua kama itampunguzia safari za kliniki. Ngoja nikujibu mimi niliyekwisha kuinunua. Mama yangu yuko Ujiji, presha anayo miaka mingi, na mwaka juzi nilimtumia saa ya aina hiyo kwa basi. Nikajiona mtoto wa maana.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mama anauza mawese, na wenzake wakaigeuza ile saa kuwa zahanati. Anayekuja kununua chupa mbili ananyoosha na mkono. Huyu 118/76, yule 121/79, bibi mmoja asiyejua hata mwaka aliozaliwa naye 119/77. Wote wazima! Hapo ndipo ningeshtuka, maana watu kumi wa umri ule hawawezi wote kuwa na presha ya kijana aliyetoka JKT jana. Sikushtuka. Mama akanipigia simu, "Mwanangu, hii mashine yako imeniponya," nikacheka. Kumbe kwa kuona namba nzuri alishaanza kula kidonge leo, kesho na keshokutwa anaruka.

Nilipokwenda likizo ya Disemba nikamshawishi twende kituo cha afya, kwa shingo upande. Nesi alimkalisha dakika tano nzima bila kumsemesha, akamwegemeza mgongo, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, akamfunga mkanda juu ya kiwiko. 182/106. Akasubiri kidogo akarudia: 178/104. Mama akakataa, akambonyezea nesi ile saa: 119/77. Nesi hakubishana naye. Aliivua, akaivaa yeye, akangoja, akamwonyesha mama. 120/77.

Jioni nikaifunga kwenye ndizi mzuzu. Sitanii. Ikazunguka kama nusu dakika, ikaleta 121/78, mapigo 71. Mama alicheka mpaka akaketi mkekani, halafu akanyamaza, akaenda kuchukua vidonge vyake.

Baadaye nikafuatilia kwa nini. Mgongoni mwa saa kuna vitaa vya kijani. Damu inafyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo moyo unapodunda na mishipa kujaa, mwanga unaorudi kwenye saa unapungua kidogo, kisha unaongezeka tena. Saa inahesabu hilo wimbi, basi. Presha ni nguvu ya damu kusukuma ukuta wa mshipa, na mashine ya mkanda inaipata kwa kubana mshipa kabisa kisha kulegeza taratibu huku ikisikiliza mtikisiko wa damu inaporudi. Saa ya 60,000 haibani kitu. Inachukua mapigo, inachanganya na umri na uzito uliouandika kwenye programu ya simu, inakukisia namba ya kukufurahisha. Ndizi nayo inarudisha mwanga, basi ikapewa presha.

Sisemi saa zote ni uongo. Za Samsung zinazotoa presha zinadai uzilinganishe na mashine ya mkanda kila baada ya siku 28, maana yake mashine lazima uwe nayo vilevile. Omron walitoa saa ambayo mkanda wake wenyewe unajaa upepo. Hizo ni habari nyingine na bei nyingine.

Kwenye sukari usipoteze hata dakika. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Vile vibandiko vya mkononi wanavyovaa wagonjwa wa kisukari ni kweli vinapima, lakini vina kinywele kinachoingia chini ya ngozi. Oksijeni nayo kuwa makini: utafiti uliochapishwa Marekani 2020 ulionyesha kuwa hata vile vipimo vya kubana kidoleni vya hospitalini vinaweza kumwonyesha mtu mweusi kuwa na oksijeni nyingi kuliko aliyonayo. Vya hospitalini hivyo! Sembuse saa ya machinga.

Kitu kimoja ile saa ilinifaa, na nitaisema haki yake: mapigo ya moyo ukiwa umetulia. Nilikuwa na nyingine kama ile, nalala nayo. Usiku mapigo yangu hukaa 60 na ushee. Wiki moja nikaona 84 usiku kucha, mchana najihisi mchovu tu, nikasingizia joto la Kigoma. Siku ya pili homa ikapanda, nikapima, malaria. Mwili ukipata joto moyo unakimbia, na hilo saa ililiona kabla yangu. Lakini ona, haikuniambia ni malaria. Iliniambia moyo unakimbia, kipimo cha damu ndicho kilichosema mengine.

Kwa hiyo mzee mnunulie mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko. Ya mama nilinunua 85,000 duka la dawa, na muuzaji alikubali tuipeleke kliniki tuilinganishe na yao kabla sijalipa. Asubuhi kabla ya vidonge na jioni, mara mbili mbili, anaandika kwenye daftari la mjukuu lililobaki kurasa, na daftari ndilo daktari anataka kuona. Tarehe za kliniki ziko palepale. Saa bado anaivaa, inamlilia saa ya kula dawa.

Ila usinunue bado. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha mkono wa mzee katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya kawaida inaanzia sentimita 22 mpaka 32, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba bure. Akikupa kipimo kiweke hapahapa, nikuambie uulize saizi gani dukani.